Mwongozo kamili: kumtambua buibui wa nyumbani na ndugu zake

Picha ya buibui ambayo watu hutuma huwa ile ile: doa la kahawia ukutani, limepigwa kutoka mbali, ndala iko pembeni. Swali nalo ni lile lile: "Huyu ana sumu?" Kwa picha ya namna hiyo hakuna wa kukujibu, awe fundi, daktari au profesa. Buibui aliyebondwa hana macho ya kuhesabu wala tumbo la kugeuza.

Hata swali lenyewe limekaa vibaya. Karibu buibui wote wana sumu, maana ndiyo silaha yao ya kuua wadudu. Familia ya Uloboridae ni ya wachache waliokosa. Cha kuuliza ni kama sumu hiyo inamdhuru mtu, na jibu linatokana na kujua buibui huyo ni wa familia gani.

Wengi hukwama kwa sababu wanaanza na rangi. Rangi itazame mwisho kabisa. Buibui wa aina moja anaweza kuwa wa maziwa, wa kahawia au mweusi kulingana na umri, jinsia na mara ya mwisho alipojivua ngozi. Umbo, mpangilio wa macho na utando havibadiliki ovyo hivyo.

## Vifaa

- Glasi au chupa ya uwazi yenye mdomo wa sentimita 7 au zaidi. Ya jemu inafaa.
- Kadi ngumu pana kuliko mdomo wa glasi. Kadi ya mchango wa harusi iliyokwisha muda wake ni nzuri: ngumu, nyembamba, haikunjiki.
- Lenzi inayokuza mara 10. Ile ya fundi saa inatosha.
- Tochi, rula ya milimita, na simu yenye kamera.
- Kipande cha sponji laini kinachoingia kwenye glasi.
- Chupa ya kupulizia maji, yenye mdomo wa kutoa ukungu.
- Koleo ya urefu wa sentimita 25 au zaidi, kwa ajili ya nge tu.
- Si lazima: taa ndogo ya urujuanimno, kama ile wenye maduka wanayokagulia noti bandia.

Dawa ya kupulizia wadudu iache kabatini. Buibui aliyekufa kwa dawa hukunja miguu chini ya tumbo, na sehemu unazotaka kuziona ndizo zinazofichika.

## Hatua ya 1: Mnase bila kumgusa

Kabla ya kumnasa, piga picha moja alipo. Inaonyesha kama alikuwa kwenye utando, ukutani au sakafuni, na kesho hutakumbuka vizuri.

Sogeza glasi polepole na umfunike wima. Kisha pitisha kadi kati ya ukuta na glasi kutoka chini kwenda juu. Buibui aliyeshtuka ukutani mara nyingi hukimbilia juu, hivyo ukianza na kadi upande wa juu utambana miguu.

Kosa kubwa hapa ni haraka. Buibui akibanwa mguu huukata mwenyewe na kuuacha, na ukija kuhesabu utapata miguu 7 uanze kubishana na vitabu. Ikitokea hivyo hesabu vishina pale miguu inapoungana na kifua, siyo miguu yenyewe.

Kadi isitoke mdomoni. Buibui wawindaji wengi wana manyoya ya kunata kwenye nyayo na hupanda glasi kama wanavyopanda ukuta.

Kwa nge, glasi na kadi usijaribu. Mkono unakaribia mkia mno. Mshike mkia kwa koleo na umtie kwenye ndoo ya plastiki yenye kuta laini, ambazo kwa kawaida nge hawezi kuzipanda. Kama hujawahi kushika kitu kwa koleo hiyo, jizoeze kwanza na kipande cha kamba.

## Hatua ya 2: Mpoze

Funga chupa na uiweke kwenye friji, sehemu ya kawaida, kwa dakika 5 hadi 10. Friza inaua. Buibui hategemei joto lake mwenyewe, kwa hiyo baridi humpunguzia mwendo bila kumdhuru. Bandika karatasi yenye neno BUIBUI, maana wenzako nyumbani nao wanafungua friji hiyo.

Akitoka awe anasogeza miguu taratibu. Una kama dakika 2 au 3 kabla hajachangamka, hivyo lenzi, rula na simu viwe tayari mezani.

## Hatua ya 3: Hakikisha ni buibui kweli

Hapa ndipo ndugu zake wanapochanganya watu. Buibui, nge, kupe na utitiri wote ni araknida: jozi 4 za miguu, hakuna mabawa, hakuna vipapasio vya kichwani. Mdudu halisi kama mende au siafu ana miguu 6, na mwili wake umegawanyika sehemu tatu.

Tazama kiuno. Buibui ana sehemu mbili, kichwa kilichoungana na kifua, halafu tumbo, na katikati pamebanwa kama fundo. Nyuma ya tumbo ana vichuchu vidogo vinavyotoa hariri. Mbele ana viungo viwili vifupi vinavyofanana na miguu, vinaitwa pedipalpi. Usivihesabu kama miguu. Ncha zake zikiwa zimevimba kama glovu za bondia, huyo ni dume aliyekomaa.

Opilio ana miguu mirefu kama nyuzi lakini hana kiuno. Mwili wote ni tone moja. Hana hariri wala sumu. Watu humchanganya na yule buibui mwembamba wa pembe za dari. Tofauti iko kiunoni, na wa darini ana utando.

Solifugi anaonekana ana miguu 10, kwa sababu pedipalpi zake ni ndefu kama miguu. Ana taya kubwa mno mbele ya uso na anakimbia kama amerushwa. Yupo sana maeneo makavu. Taya zake zinaweza kuumiza, ila hana sumu.

Amblipigi ni bapa kama aliyepigwa pasi. Miguu ya mbele imekuwa mijeledi myembamba ya kupapasia, na pedipalpi zina miiba. Hukaa mapangoni, kwenye mashimo ya vyoo na chini ya magome. Anatisha kuliko wote kwenye orodha hii na hana sumu hata tone.

Nge anajulikana kwa mkia, lakini yapo mawili ya kutazama zaidi: makucha na unene wa mkia. Makucha manene na mkia mwembamba kwa kawaida ni nge anayetegemea nguvu. Makucha membamba na mkia mnene ni ishara ya familia ya Buthidae, ambamo wamo nge hatari, wakiwemo wa jenasi (kundi dogo ndani ya familia) Parabuthus wanaopatikana Kenya na Tanzania. Kanuni hii ni ya kukupa tahadhari tu, usiitumie kama ruhusa ya kumshika yeyote.

Usiku wa giza, mwanga wa urujuanimno wa nanomita 365 hadi 395 humfanya nge ang'ae kijani au buluu, hata akiwa mita kadhaa mbele yako. Aliyejivua ngozi punde hang'ai, hivyo viatu vya kufunika mguu havina mbadala. Usiitazame taa hiyo machoni.

Kupe na papasi wote ni mfuko mmoja usio na kiuno. Ukimtazama kupe kutoka juu unaona mdomo umechomoza mbele. Wa papasi umefichwa chini ya mwili, na ngozi yake ni kama ya begi lililochakaa. Kupe hung'ang'ania kwenye ngozi kwa siku kadhaa. Papasi hunyonya usiku kwa muda mfupi na kurudi kwenye nyufa za ukuta au sakafu ya udongo, ndiyo maana mtu hupata homa ya papasi bila kumwona aliyemwuma. Kupe mchanga kabisa ana miguu 6. Usimwite mdudu kwa sababu hiyo.

## Hatua ya 4: Soma macho

Ukijifunza hatua moja tu, iwe hii. Buibui wengi wana macho 8, wachache wana 6, na mpangilio wake unakupa familia kwa haraka kuliko kitu kingine chochote.

Mlaze buibui aliyepoa kwenye karatasi nyeupe. Weka lenzi karibu kabisa na jicho lako, kisha usogeze kichwa mpaka uso wake uonekane safi. Mwanga wa tochi utoke ubavuni. Ukimulika moja kwa moja, macho na ngozi vyote vinametameta na hutatofautisha.

- Mawili ya mbele makubwa mno, kama taa za lori, mengine madogo: buibui mrukaji, Salticidae. Atageuka kukutazama. Ni wa mchana na hana shida na mtu. Kandokando ya Ziwa Victoria yupo mmoja, Evarcha culicivora, anayependelea mbu wa kike waliokwisha kunyonya damu. Amechunguzwa sana Mbita, upande wa Kenya.
- Manne madogo kwa mstari chini, mawili makubwa juu yake, mawili nyuma: buibui mwindaji wa ardhini, Lycosidae. Usiku weka tochi pembeni mwa jicho lako na umulike nyasi: macho yake hurudisha nukta za kijani. Umande nao unameta, ila ukipiga hatua unazima na kubadilika rangi, wakati jicho linabaki.
- Mistari miwili ya manne manne, miguu imetandazwa ubavuni kama ya kaa: Sparassidae, wale wakubwa wa ukutani.
- Sita mstari wa mbele, mawili nyuma, mwili bapa kabisa: Selenopidae. Anaponyoka nyuma ya fremu ya picha kabla hujafumba jicho.
- Sita tu, kwa jozi tatu: simama hapo. Anaweza kuwa Loxosceles, ambaye sumu yake inaweza kuozesha ngozi, au Scytodes, ambaye hutemea windo gundi na hamdhuru mtu. Mtazame kwa ubavu. Scytodes ana kifua kilichoinuka nyuma kama kuba na mwendo wa kuvuta miguu. Wa Loxosceles ni bapa.

Umefaulu ukiweza kuchora nukta za macho kwenye karatasi bila kurudia kutazama. Chora kweli, usitegemee kichwa.

## Hatua ya 5: Taya na tumbo

Mrudishe kwenye glasi, kisha sukuma sponji taratibu mpaka imshikilie dhidi ya kitako cha glasi. Ishike tu, isikandamize. Sasa unaona upande wa chini bila kumgusa.

Meno yakifungana kama mkasi, mmoja kuelekea mwingine, ni buibui wa kundi la kawaida. Yakiwa sambamba, yanashuka chini kama sururu mbili, ni wa kundi la zamani la wanaokaa mashimoni, wakiwemo wale wakubwa wenye manyoya kama Pterinochilus murinus wa Afrika Mashariki. Huyo huinua miguu ya mbele na kuonyesha meno kabla ya kuuma, na akifanya hivyo rudi nyuma. Kuumwa naye kunauma sana.

Kwenye tumbo tafuta alama yenye umbo la glasi ya saa ya mchanga, nyekundu au ya chungwa. Maana yake iko mbele kidogo.

## Hatua ya 6: Utando na kifuko cha mayai

Pulizia ukungu wa maji kutoka umbali wa sentimita 40. Matone hukaa kwenye nyuzi na utando mzima unajitokeza. Wapo wanaotumia unga. Unaonekana vizuri ila unaharibu gundi, na mwenyewe anahama.

Utando wa gurudumu wima ni wa Araneidae na jamaa zao. Shuka lililotandazwa lenye nyavu ndogo ndogo, limeinuka katikati kama hema na halinati, ni la Cyrtophora, na hupatikana sana kwenye ua na michongoma. Nyuzi legelege kwenye pembe ya dari, na mwenyewe anatikisika kwa kasi ukimgusia utando, ni Pholcidae.

Nyuzi za ovyo zisizo na umbo, ngumu kuliko ulivyotarajia, ukizivuta kwa kijiti zinatoa sauti ya kukatika: hizo ni za Theridiidae. Usiingize kidole.

Kifuko cha mayai husaidia kuliko utando. Lycosidae wa kike hukibeba nyuma, kimeshikiliwa na vichuchu vya hariri, na watoto wakitoka hupanda mgongoni kwake. Pholcidae hukibeba mdomoni. Mpira wa rangi ya maziwa wa kama sentimita 1, umejaa vijiiba pande zote, ni wa mmoja tu utakayemkuta nyumbani: Latrodectus geometricus.

## Anayestahili tahadhari ya kweli

Latrodectus geometricus wa kike ana mwili wa milimita 10 hadi 13, tumbo la mviringo, miguu yenye mapete, na ile alama ya glasi ya saa upande wa chini. Rangi ya mgongo ni ya maziwa, kahawia au karibu nyeusi, na ndiyo sababu wanaotafuta "buibui mweusi" humpita bila kumwona. Hupenda chini ya viti vya plastiki, ndani ya mabomba, kwenye mageti ya chuma, masanduku ya mita na kingo za ndoo zilizosahauliwa. Ukiona vifuko vyenye vijiiba, mama yuko karibu.

Si mgomvi. Watu huumwa wanapombana kwa kiganja wakibeba kiti au chungu. Mara nyingi ni maumivu ya mahali pale, lakini jamaa hawa wanaweza kuleta mikakamao ya misuli na jasho jingi.

Akikuuma buibui yeyote au nge, osha kwa sabuni na maji, vua pete na bangili, kanda kwa barafu iliyofungwa kitambaani. Usichanje, usinyonye, usifunge kamba. Nenda hospitali mara moja ikiwa aliyeumwa ni mtoto mdogo, au kuna mikakamao, shida ya kupumua, kutapika, au ngozi inayobadilika rangi na kusambaa. Aliyekuuma mpeleke ndani ya chupa, ikiwa kumpata hakuongezi hatari.

Na kuhusu "kukojolewa na buibui": buibui hana kojo la kuunguza. Malengelenge yanayotokea usiku kama mstari wa moto, hasa msimu wa mvua, mara nyingi ni ya mbawakawa mwembamba mwekundu na mweusi ambaye Kenya wanamwita Nairobi fly. Ukimsaga kwenye ngozi anaacha kemikali inayounguza. Akitua mpulize, usimpige kofi. Malengelenge upande mmoja wa mwili yenye maumivu makali huenda ni mkanda wa jeshi, na huo ni wa daktari.

## Hatua ya 7: Picha nne

Piga mgongo, tumbo, uso na ubavu, rula ikiwa kando. Funika mwanga wa simu kwa tabaka moja la karatasi laini ili usichome picha. Urefu wa buibui hupimwa kuanzia mbele ya kichwa hadi mwisho wa tumbo, bila taya wala miguu. Anayeambiwa "mkubwa kama kiganja" mara nyingi ana mwili wa sentimita 2 na kitu.

## Hatua ya 8: Mpe jina, lakini usipitilize

Lengo lako ni familia, na ikiwezekana jenasi. Orodha ya dunia ya buibui ilipita spishi 50,000 mwaka 2022, na wengi hutofautishwa kwa viungo vya uzazi chini ya hadubini. Mchanga asiyekomaa hana viungo hivyo. Anayekupa jina kamili la buibui mchanga kwa kutazama picha moja anabahatisha.

Ukitumia iNaturalist, programu ya kutambua viumbe kwa picha, andika mahali na tarehe sahihi, kisha kagua pendekezo la kompyuta kwenye ramani yake. Ikikwambia Loxosceles reclusa na wewe uko Morogoro, ikatae: huyo ni wa Marekani. Mabango mengi ya "buibui hatari" yanayozunguka WhatsApp yametengenezwa kwa Marekani au Australia. Linganisha pendekezo na mchoro wako wa macho. Visipopatana, amini mchoro.

## Hatua ya 9: Mwachie au mhifadhi

Wa utando mrudishe penye kitu cha kufungia nyuzi, kama ua au uzio. Wa ardhini mweke kwenye majani makavu, jioni, siyo kwenye saruji ya saa sita mchana. Lalisha chupa, ondoa kadi, uondoke. Ukimtikisa ataganda na utakaa hapo nusu saa.

Aliyekufa, au yule unayetaka mtaalamu amwone, mtie kwenye spiriti ya asilimia 70 hadi 80. Pombe kali ya dukani ya asilimia 35 au 40 haitoshi, ataoza taratibu. Andika kikaratasi kwa penseli, maana wino wa kalamu huyeyuka: tarehe, mahali, kimo kutoka ardhini, aina ya utando. Kikaratasi hicho kiingie ndani ya chupa pamoja naye. Kilichobandikwa nje hubanduka.